Bahari ya Kukodi

Mimi ni mtoto wa Malindi. Miaka kumi na tisa nimeuza vinyago kwa Wataliano pale bichi, na bahari sijawahi kuilipia hata ndururu. Basi dadangu, aliyeolewa na Mtaliano, akanikatia tiketi: "Kaka, njoo uone pwani yetu." Yetu! Ana miaka sita tu huko.

Wakanipeleka Viareggio, mji wa Toscana ambao watu wenye nafasi wanaogelea tangu miaka ya 1820. Nikashuka mchangani, nikatandaza kikoi. Mara kijana wa fulana nyeupe huyo, mbio: mwavuli wako uko wapi? Nikamwambia jua ndilo lililonilea. Kumbe habari si jua. Mchanga umekatwa viwanja, kila kiwanja na mwenyewe anayekodisha, miavuli safu kwa safu kama miche ya muhogo. Cha bure hapo ni ukingo wa maji, nao wa kupita tu. Yaani bahari uione, mradi usikae! Shemeji akatoa euro 40, mwavuli mmoja na vitanda viwili. Roho ikaniuma kama iliyotoka ni pesa yangu.

Hatujakaa nusu saa, shemeji: "Sasa twende jumba la sanaa." Na mwavuli je? Umelipiwa hadi jioni! Nikakiacha kikoi kitandani kikae kwa niaba yangu.

Njiani ni hotuba. Eti majengo ya mbele ya bahari yalikuwa ya mbao, yakaungua 1917, yakajengwa upya miaka ya 1920, na msanii Galileo Chini akayapamba kwa vigae vya rangi. Kufika Gran Caffè Margherita nikaona kuba juu, zinang'aa. Mimi huyo, viatu mkononi. Kumbe mkahawa! Na kahawa yenyewe ukikaa bei inapanda. Nikainywa wima. Makalio yangu hayajawahi kutozwa, hayataanzia ugenini.

Jumba la sanaa liko Palazzo delle Muse, na limepewa jina la Lorenzo Viani, mchoraji mwenyeji wa hapo, aliyezaliwa 1882 na kuanza maisha akijifunza ukinyozi. Nilitarajia mabibi wa kofia pana. Wapi! Wavuvi, wajane, mafukara, nyuso zimekauka kama ng'onda. Kuna picha moja kubwa ya kubarikiwa kwa waliokufa baharini, umati mzima. Nikaikagua pembe hadi pembe, sikuona hata mwavuli mmoja. Shemeji anatazama saa, mimi sibanduki. Wale watu nawajua. Yupo mzee mmoja, mpake masizi kidogo tu, ni babu yangu anangoja ngalawa.

Tukarudi ufuoni. Kikoi kipo, kimekula euro 40 peke yake. Nikajilaza niambulie za mwisho mwisho. Sijafumba macho, kijana wa Senegal kasimama juu yangu, miwani na mikufu imemjaa mkononi: "Amico! Kuangalia tu, bure!"

Kuangalia tu, bure. Mimi! Maneno hayo nimelishia watoto wanne. Nikataka kumwambia, ndugu, mimi ni mwenzako wa kazi. Mdomo ukafunguka wenyewe, likatoka lile "kesho" la Kitaliano ambalo Wataliano wamenijibu miaka yote kumi na tisa:

"Domani."