Mtoko wa chungu kimoja

Katika mikahawa mingi ya Uswisi, orodha ya vyakula huambatanisha sharti dogo na fondyu, yaani jibini iliyoyeyushwa chunguni ambayo walaji huchovya ndani yake mkate au viazi: huandaliwa kuanzia watu wawili. Mtu aliyeingia peke yake anaweza kuagiza supu, soseji au samaki wa ziwani, lakini chungu cha jibini hakitawashiwa moto kwa ajili yake. Kwa miaka yote niliyoishi Bern nililiona sharti hilo kuwa jambo la biashara tu, hadi jioni moja ya Novemba mwaka jana, mimi na mume wangu tulipopanda treni kwenda Fribourg kuadhimisha miaka 11 ya ndoa yetu. Tangu siku hiyo ninashikilia maoni ambayo nimekwisha kuwaeleza wanandoa kadhaa wa rika letu: wanaotoka wawili kwenda kula, hasa ikiwa kuna neno zito kati yao, wachague chakula kitakachoipa mikono yao kazi.

Nasema hivyo kwa sababu mwaka uliotangulia tulifanya kinyume chake. Tulikwenda katika mkahawa wa kifahari wenye vitambaa vyeupe mezani, tukakaa tukitazamana kama watu walioitwa kwenye usaili, na kila mmoja akaletewa sahani yake iliyopambwa, akala chakula chake akakimaliza. Kati ya sahani moja na nyingine hapakuwa na la kufanya ila kusubiri, nasi tulisubiri kwa kutazama simu. Tulikuwa na jambo la kuzungumza, na wote wawili tulilijua: mama mkwe wangu, ambaye anaishi Pangani, alikuwa anazeeka, mume wangu alikuwa anataka kurudi kuwa karibu naye, na mimi nina kazi ya uuguzi hapa pamoja na watoto wawili wanaosoma. Jioni ile ilikuwa imepangwa hasa kwa ajili ya mazungumzo hayo, na labda ndiyo sababu hayakuanza. Tulilipa, tukashukuru, tukarudi nyumbani na jambo letu likiwa palepale.

Mimi nimelelewa Tanga na bibi yangu mzaa mama. Bibi alipokuwa na neno zito la kumwambia binti yake au mkamwana wake, hakumkalisha sebuleni akamkazia macho. Alimwita ukumbini, akaweka ungo wa mchele kati yao, wakaanza kuchambua. Macho yalikuwa kwenye chuya na vijiwe, vidole vilikuwa vikitembea, na maneno yalishuka polepole. Na pale yalipokwama, hakuna aliyeona aibu ya ukimya, kwa kuwa kazi ilikuwa inaendelea. Nimeona mambo ya mirathi, ya talaka na ya ugonjwa yakizungumzwa hivyo, na mchele ukipikwa mchana wake. Ni elimu ambayo niliiacha nyuma nilipohama, nikidhani kwamba mazungumzo ya mke na mume yanahitaji mshumaa, muziki wa chini na kukaa uso kwa uso.

Fribourg ni mji wa mwendo usiofika nusu saa kwa treni kutoka Bern, umejengwa juu ya majabali yanayozungukwa na mto Sarine, na watu wake huzungumza Kifaransa na Kijerumani. Watoto tulikuwa tumewaacha kwa jirani yetu, mama wa Kikongo kutoka Bukavu ambaye Kiswahili chake kimekuwa faraja kubwa kwetu. Tulikuwa tumefika mapema, tukateremkia mji wa chini kwa kigari cha reli ambacho kimekuwa kikifanya kazi tangu mwaka 1899 na ambacho hakitumii injini: hujazwa majitaka ya mji wa juu, kikashuka kwa uzito huo huku kikikivuta chenzake kupanda.

Tulikuwa na sababu ya kuchagua mji huo, na sababu yenyewe ni jibini. Fondyu inayojulikana zaidi katika jimbo la Fribourg huitwa nusu kwa nusu, yaani nusu ni jibini ya Gruyère na nusu ni Vacherin ya Fribourg. Chungu husuguliwa kitunguu saumu, humiminwa mvinyo mweupe, jibini iliyokwanguliwa hutiwa kidogo kidogo pamoja na unga laini wa mahindi, na mwisho kabisa huongezwa pombe kali ya cheri. Sisi hatunywi pombe, na hoja ya kwamba mvinyo huisha motoni haijapata kutushawishi, hasa tukijua kwamba ile ya cheri hutiwa wakati upishi umekwisha. Kwa miaka mingi tulidhani kwamba chakula hiki si chetu. Ni mgonjwa mmoja, bibi wa makamo niliyemuuguza wodini, aliyeniambia kwamba kwao Fribourg kuna fondyu nyingine, ya Vacherin tupu, ambayo hupikwa kwa maji badala ya mvinyo na ambayo wengi huila kwa viazi vya kuchemsha. Kabla ya kwenda nilipiga simu mkahawani nikauliza mara mbili, wakathibitisha kwamba yao ni maji na jibini tu.

Tofauti ya fondyu hizo mbili haiko kwenye kinywaji peke yake. Katika ile ya kwanza, tindikali ya mvinyo husaidia kuzuia jibini isigande mabonge na kuachana na mafuta yake, ndiyo maana inaweza kuvumilia moto wa kutokota. Vacherin ni laini, huyeyuka mapema, nayo haitakiwi kuchemka hata kidogo. Ikichemka huharibika, ikakatika na kuwa nyuzi ndani ya maji. Kwa hiyo chungu kiliwekwa juu ya kimoto kidogo mno, kama cha mshumaa, na mhudumu akatusihi tusiache kukoroga hadi chini kila tunapochovya. Ilikuwa nyeupe kama tui la kwanza, nzito kama bokoboko lililopigwa vizuri, yenye harufu ya maziwa na ya majani makavu. Kila mmoja alipewa uma mrefu wenye rangi yake mpinini ili tusichanganye. Uma huo ni wa kuchovya tu: kiazi hutuliwa sahanini, ndipo huliwa kwa uma mwingine.

Kwa dakika kumi za mwanzo tulizungumza habari za jibini. Kiazi si kama mkate wa jana ambao hukatwa vipande vyenye ganda ili uma upate mahali pa kushika. Kiazi hupasuka, na changu cha pili kilizama. Desturi ya hapa ni kwamba anayeangusha kipande chungoni hutozwa kitu, ama busu ama chupa, na mume wangu aliidai haki yake. Kisha akaendelea kukoroga bila kuchovya, macho yake yakiwa chunguni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mama watoto, mama ameanguka tena."

"Lini?"

"Wiki mbili zilizopita. Dada alinipigia simu."

"Mbona hukuniambia, mume wangu?"

"Ulikuwa zamu ya usiku. Nikasema nitakuambia ukipumzika, halafu siku zikapita."

Mkono wake ulikuwa umesimama. Nilisema, "Nipe nikoroge mimi, wewe sema," nikauchukua uma wake, na yeye akasema. Alisema mambo ambayo hakuyasema mwaka mzima: kwamba mama huyo hulala chini kwa sababu anaogopa kushuka kitandani usiku, kwamba dada yake amechoka lakini hawezi kulalamika, kwamba yeye hutuma fedha kila mwezi na kila anapotuma huona haya. Nami nilikuwa nimeshika uma, naandika nambari nane chini ya chungu kama tulivyoelekezwa, na sikumkatiza. Ninajijua. Laiti tungekuwa tumekaa kwenye vitambaa vyeupe vya mwaka ule, ningemjibu kabla hajamaliza, kwa kuwa ningekuwa sina jambo jingine la kufanya isipokuwa kujitetea. Nilipoanza kuuliza, niliuliza maswali ya muuguzi: aliangukia upande gani, anaweza kusimama bila kushikwa, nani anampa dawa za presha na saa ngapi. Baadaye ndipo nikamwambia na mimi yangu, kwamba hofu yangu si Pangani, hofu yangu ni kuanza upya kazini nikiwa na miaka 41.

Najua wapo wanaoiona fondyu kuwa upuuzi. Rafiki yangu mmoja husema kwamba haoni sababu ya kulipa karibu faranga 30 kwa kila mtu ili apewe viazi na jibini akajihudumie mwenyewe. Namheshimu, lakini nadhani analipima jambo hili kwa mizani ya shibe. Wengine hukumbusha kwamba umaarufu wake ulitengenezwa, na hilo ni kweli: ingawa kitabu cha mapishi cha Zurich cha mwaka 1699 kina maelezo ya kupika jibini kwa mvinyo, aliyeieneza fondyu hadi ikawa chakula cha taifa ni chama cha wauza jibini wa Uswisi, kilichoanzishwa mwaka 1914 na kuvunjwa mwaka 1999, ambacho kiliitangaza kwa bidii kubwa tangu miaka ya 1930. Kaulimbiu yao moja ilisema kwamba fondyu ni nzuri na huleta furaha. Mimi hainisumbui kwamba maneno hayo yalitungwa na wafanyabiashara, maana kula kutoka chombo kimoja hakukubuniwa nao. Kwetu pwani watu wamekaa kulizunguka sinia vizazi na vizazi, kila mmoja akila mbele yake na mkubwa akisogeza mnofu upande wa mdogo bila kusema neno, na anayelifahamu sinia atakielewa chungu hiki bila kufundishwa.

Lipo pia suala la uzito wa tumbo. Waswisi hukatazana kunywa maji baridi wakati wa fondyu, wakisema kwamba jibini itaganda tumboni, na hushauri mvinyo au chai. Utafiti mmoja uliofanywa Zurich na kuchapishwa mwaka 2010 uliwalisha watu 20 fondyu kwa mvinyo au kwa chai ya rangi, ukaonyesha kwamba pombe ndiyo iliyochelewesha chakula kutoka tumboni. Kwa hiyo tuliagiza chai ya rangi, buli zima, bila kujiona tumekosa sehemu ya karamu.

Ninachokisisitiza ni mwendo wa chakula chenyewe. Hakiliwi haraka, kwa kuwa kila tonge lina safari yake. Hakiachwi, kwa kuwa kitashika chini. Wala hakimruhusu mtu kushika simu, kwa kuwa mkono mmoja una uma na mwingine una kiazi. Wanandoa wasioishi karibu na Fribourg hawana haja ya kuitafuta jibini. Wanaweza kwenda kunakochomwa nyama wakakaa karibu na jiko, wakapeleka samaki na mbuzi wao wenyewe, au wakabaki nyumbani usiku watoto wakishalala, wakakanda unga wa chapati, mmoja akisukuma na mwingine akigeuza. Kinachohitajika ni kwamba kazi iwe moja na iwe ya wote wawili, si mmoja apike huku mwenzake akisubiri kuandaliwa.

Hadi saa nne kasoro tulikuwa tumekubaliana jambo moja katika mengi: kwamba mwezi wa Januari angekwenda kukaa Pangani kwa miezi mitatu, atengeneze choo cha ndani na kitanda kifupi, na kwamba tusingeamua la kuhama kabla hajarudi na kutueleza alichokiona. Mengine yalibaki, na tuliyaacha yabaki.

Meza ya pembeni walikuwa wameketi mzee na mkewe ambao nadhani walikaribia miaka 80. Wao walikula ile ya nusu kwa nusu, na mwisho mzee aliukwangua ukoko wa jibini ulioshika chini ya chungu, ambao Wafaransa huuita mtawa, akaukata sawasawa na kumwekea mkewe sahanini kipande kilichoiva zaidi. Chungu chetu hakikuwa na ukoko, kwa sababu ya moto mdogo. Kilichobaki ni utando mwembamba na kiazi kimoja. Mume wangu alipangusa chungu kwa nusu ya kiazi hicho, akala, kisha akanisogezea nusu ya pili pamoja na uma wake.