Lainisheni Bunduki, Lakini Kizuizi cha Triga Mkiache

Nimechoka na matangazo ya kuuza bunduki yanayosema "imeshalainishwa, tayari kwa mashindano" bila neno hata moja kuhusu fundi aligusa nini humo ndani. Kulainisha ni kusugua mtambo na kupunguza mbano wa springi ili bunduki ikokike kwa wepesi, na mashindano yenyewe ni yale ya kulenga shabaha kwa kasi kwa bunduki za mtindo wa karne ya kumi na tisa. Hapa Texas tangazo la namna hiyo limekaribia kumtoa kijana wetu mmoja jicho, na safari hii sitanyamaza.

Kijana alinunua nakala ya Winchester ya 1873, ile ya Waitaliano, kutoka kwa mtu aliyekuwa akishindana nayo. Leva, ule mkono wa chini unaoshushwa na kupandishwa ili kuingiza risasi nyingine, ilikuwa nyepesi kiasi kwamba kidole kimoja kilitosha kuifungua na kuifunga. Alifurahi sana, na ni haki yake, kwa sababu bunduki hizi zikitoka kiwandani zinakuwa ngumu hadi mkono unachoka. Zamu yake ilipofika alianza kukoki kwa kasi, na katikati ya risasi kumi za zamu hiyo, moja ikalipuka kabla leva haijarudi mpaka mwisho. Ganda lilipasuka, leva ikatupwa chini ikampiga vidole, gesi na vipande vya shaba vikaruka juu kuelekea usoni. Miwani ndiyo iliyomwokoa. Alichosema alipotulia ni hiki: "Kaka, mbona sikubana triga? Nimeigusa tu."

Ni kweli, aliigusa tu. Na kwenye bunduki hii kuigusa tu hakutakiwi kufanya chochote kama leva haijafika nyumbani. Walioitengeneza walilifikiria jambo hilo. Nyuma ya triga kuna kipande kidogo cha chuma kinachoizuia isisogee, na kipande hicho hakiondoki njiani mpaka leva ibanwe kabisa dhidi ya shingo ya kitako. Tulipoifungua ile bunduki tulikuta springi ya kizuizi imekunjwa na kusagwa hadi haina nguvu tena. Kizuizi kilikuwepo kwa macho, lakini hakikuwa kikizuia kitu. Mtu alikaa mezani, akaona kwamba kubana leva mpaka mwisho kunamchelewesha, akaondoa ile kero, akashindana nayo msimu wake, kisha akaiuza kwa mtu asiyejua.

Kwa nini nalipigia kelele jambo hili kuliko mengine yote? Kwa sababu ya jinsi mlango wa bunduki hii, yaani chuma kinachoziba nyuma ya risasi, unavyofungwa. Ndani yake hakuna pingu nene la chuma linaloingia kwenye tundu. Kuna viungo viwili kila upande, vinavyokunjuka na kunyooka kama goti. Vikinyooka kabisa, nguvu ya mlipuko inarudi moja kwa moja kwenye mstari wao na haiwezi kuvikunja. Vikiwa vimepinda hata kidogo, nguvu ileile inavikunja kwa urahisi, boliti, yaani ule mlango, inarudi nyuma kwa kishindo, na ganda jembamba la shaba linabaki nje ya chemba, lile tundu la mtutu linaloishika risasi, likiwa na mgandamizo ambao halikuumbwa kuubeba peke yake. Leva ambayo imebakiza upana wa kidole kufika mwisho, kwa jicho la mtu mwenye haraka, inaonekana imefungwa. Kwa viungo vile haijafungwa. Kile kizuizi ndicho pekee kinachojua tofauti hiyo, maana mpigaji anayeshindana na saa haijui.

Goti hilo ni la zamani. Benjamin Tyler Henry alilitumia kwenye bunduki yake ya 1860, ile ya risasi kumi na sita. Oliver Winchester akaliendeleza mwaka 1866 kwenye ile yenye mwili wa rangi ya dhahabu, halafu likaja toleo la 1873. John Browning alipochora ile ya 1892 aliliacha kabisa, akaweka vyuma viwili vinavyopanda na kuufunga mlango pembeni, na ndiyo maana ile ya 1892 inahimili risasi kali zaidi. Wala tusidhani ni hadithi za Marekani pekee. Stanley alipokuwa Bagamoyo mwaka 1871 akijiandaa kwenda bara kumtafuta Livingstone, kwenye mzigo wake wa silaha zilikuwemo Winchester na Henry. Pwani yetu imezijua bunduki hizi zikiwa bado mpya.

Sasa nisieleweke kwamba napinga kulainisha. Napenda sana kazi hiyo, na nakala ya 1873 ambayo haijaguswa ni bunduki ambayo haijamalizwa. Kule Gardone Val Trompia, bonde la mafundi bunduki karibu na Brescia, Uberti, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1959, wanatengeneza nakala hizi, na chuma chao ni kizuri kuliko cha karne ya kumi na tisa. Ila hakuna anayekaa na tupa kuondoa kila ukingo mkali wakati bei inatakiwa ibaki ile. Kazi hiyo wanatuachia sisi, na ni kazi tamu.

Fungua parafujo moja ya ubavuni, gonga taratibu kwa mpini wa nyundo ya mbao, kibao cha ubavu kinatoka na mtambo wote unakutazama. Utaona mistari ya mashine pale viungo vinaposuguana na ukuta. Utaona kibebeo cha shaba, lile sanduku dogo linalopandisha risasi kutoka kwenye paipu ya chini ya mtutu hadi usawa wa chemba, kikiwa na ukingo unaokwaruza. Pembeni kuna springi mbili bapa, moja ya leva na nyingine ya mkono unaopandisha kibebeo. Hizo ndizo zinazoifanya leva iwe nzito, maana zimewekwa na nguvu kuliko kazi yenyewe inavyohitaji. Msasa laini uliotandazwa juu ya kioo, mafuta kidogo, na subira. Unasugua, unafuta, unarudisha, unakoki, unasikiliza. Ile sauti ya kukwaruza inapungua kila unaporudia, mpaka siku moja leva inashuka na kupanda bila kukwama popote, na ile tik mbili za mwisho zinasikika kavu na safi. Raha yake ni kubwa, na wala hukuondoa nguvu yoyote iliyohitajika. Umeondoa msuguano tu.

Hata zile springi bapa zina njia yake ya heshima. Weka washa nyembamba, kile kipete bapa cha chuma, chini ya springi pale inapokazwa na parafujo, na mbano unapungua. Ukiona imezidi kulegea, toa washa, bunduki imerudi ilivyokuwa. Fundi mzee aliyenionyesha hilo hakuwa na mashine ya kusaga mezani kwake kwa makusudi. Alisema mashine ya kusaga inamfanya mtu amalize kabla hajafikiri. Chuma kikishasagwa hakirudi. Tangu hapo kila ninapofungua bunduki ya mtu najiuliza kwanza kama ninachotaka kukifanya kinaweza kurudishwa, na kama hakiwezi, nahitaji sababu nzito sana.

Springi kuu, ile inayoisukuma nyundo, ndiyo watu wanayoipunguza bila huruma. Nawaelewa. Ni nene, na kuivuta nyundo kila mara kunakula nguvu. Lakini fanyeni hesabu za mchezo wenyewe. Katika mashindano ya SASS, chama cha Marekani cha wanaoshindana kwa bunduki za aina hii, risasi inayokosa shabaha inakuongezea sekunde tano. Fataki, kile kidude cha kitakoni mwa ganda kinachowasha baruti kikigongwa, isipolipuka kwa sababu nyundo haikuwa na uzito, ukakoki na kuitupa nje risasi hiyo, nayo inahesabiwa kukosa. Sekunde tano! Utahitaji kukoki mara ngapi kwa leva nyepesi ili uzirudishe? Halafu bunduki iliyopunguzwa hivyo inakubali fataki laini za kampuni ya Federal tu. Siku duka halina Federal na mwenye duka anakupa za CCI, ambazo ni ngumu zaidi, unabaki na bunduki inayosema klik-klik bila kulipuka. Punguza, sawa, lakini jaribu na fataki ngumu kabla hujasema umemaliza.

Na zile kata za kwenye nyundo, pale triga inaposhika: msiziguse kama hamjui mnachofanya. Uso wake umegumishwa kwa nje tu, tabaka jembamba. Ukilipita kwa jiwe la kunolea unafika kwenye chuma laini kinachoendelea kuliwa kila unapofyatua, mpaka siku nyundo inajiangukia yenyewe.

Kuhusu viungo vifupi, vile vya kubadilisha ili leva isafiri umbali mdogo, nilikuwa mpinzani mkubwa na bado moyo wangu hauvipendi. Aliyeshika bunduki ya 1873 mwaka 1873 hakuwahi kukoki kwa mwendo ule mfupi. Unaishika nakala kwa sababu ya historia, kisha unaibadilisha umbo la kazi yake mpaka historia inatoka? Lakini lazima nikubali: vikitengenezwa vizuri na kufungwa na anayejua, viungo vifupi vinanyooka kabisa kama vya asili, mlango unafungwa sawasawa, na vile vya kiwandani unaweza kuvitunza kwenye boksi na kuvirudisha. Anayetaka kushinda avifunge. Sitamwita mharibifu. Kibebeo cha aluminiamu badala ya shaba, hali kadhalika. Ngozi ya kuzungushia leva ili vidole visichubuke, hiyo naipenda na ninayo.

Wanaozizeesha nakala kwa siki ili rangi ya bluu itoke na chuma kionekane kimekula miaka mia, wafanye wapendavyo kwenye mali yao. Ila anayesugua mihuri ya ukaguzi ya Kiitaliano iliyogongwa kwenye chuma, ile inayoonyesha ilipotoka na mwaka iliopimwa, huyo anaandaa uongo. Siku moja mjane wa mtu atauziwa au atauza kitu kwa jina lisilo lake.

Nirudi kwenye kizuizi, maana ndicho kilichonikalisha kuandika. Nimesikia uwanjani hoja za wanaokiondoa. Wanasema mpigaji mzuri hagusi triga kabla leva haijafika. Haya, mpigaji mzuri. Lakini mchezo mzima umejengwa juu ya kasi, vidole vitatu vipo ndani ya leva na cha shahada kinangoja nje yake, na mkono unaporudi juu kidole kile kinaingia wakati leva bado inasafiri. Walio bora kabisa wanamaliza risasi kumi kwa sekunde chache mno. Kwa mwendo huo tofauti kati ya "imefika" na "karibu ifike" haipimwi na akili ya mtu. Inapimwa na chuma. Kuutoa ulinzi kwa kumtegemea mpigaji asikosee ni kusema tuondoe ulinzi mahali hasa unapohitajika.

Wanasema pia risasi za mchezo huu ni nyepesi. Ni kweli, kanuni zinataka kichwa cha risasi kiwe cha madini laini ya risasi peke yake, kisichovalishwa shaba ngumu, na mwendo usiofika futi 1,400 kwa sekunde kwa bunduki ndefu. Risasi ya kijana wetu ilikuwa nyepesi pia. Ganda lilipasuka vilevile, na vidole vyake vimevimba mpaka leo. Na bunduki haikai na mtu mmoja. Inauzwa, inarithiwa, anapewa mtoto wa jirani ajaribu. Nani atamwambia huyo mtoto kwamba bunduki anayoishika ilishatolewa kinga yake na mtu asiyemjua?

Ninalolitaka kwa waandaaji ni jambo dogo. Tunapokagua silaha asubuhi, tuongeze hili: bunduki ikiwa tupu, chemba na paipu vimetazamwa na macho mawili tofauti, mwenyewe akoki, afunge leva lakini aache nafasi ndogo kabla ya shingo ya kitako, kisha abane triga. Nyundo ikianguka, bunduki hiyo haipandi jukwaani siku hiyo, hata kama mwenye nayo ni bingwa wa jimbo. Hakuna kifaa kinachohitajika, na foleni haitaongezeka kwa lolote la kulalamikia.

Mnunuzi naye afanye jaribio hilohilo mbele ya muuzaji kabla hajatoa pesa, na aombe kuambiwa kilichobadilishwa kimoja kimoja: springi ipi, viungo vipi, nani alifanya. Vipuri vya asili navyo aviulize. Muuzaji akisema alivitupa, hapo bei ishuke au biashara iishe.

Aliyemuuzia kijana wetu anajijua na simtaji. Lakini najua wapo wengine miongoni mwetu ambao walikunja springi ile miaka iliyopita na wanasoma hivi sasa. Kuirudisha si kazi kubwa. Springi mpya ya kizuizi ni miongoni mwa vipuri vya bei nafuu kabisa kwenye bunduki nzima, ninazo za akiba kwenye boksi, na Jumamosi nitakuwa uwanjani mapema kabla ya zamu ya kwanza. Njoo na bunduki yako ikiwa tupu na bisibisi inayokaa vizuri kwenye parafujo zako, tutaifungua pamoja.