Udongo haufuati mwaka wa fedha

Jumanne iliyopita afisa ugani alikuja na fomu ya kufunga mradi wetu wa kufufua udongo. Kurasa nne: mafunzo niliyohudhuria, matuta niliyochimba, ukubwa wa eneo nililoacha kutumia mbolea ya viwandani, na chini kabisa mahali pa sahihi. Tuliambiwa mradi ni wa miaka mitatu. Tuko katikati ya mwaka wa pili. Simlaumu kijana yule, maana mkataba wake nao unakwisha mwezi huohuo. Ila nilipokuwa naijaza ile fomu, jirani yangu, mama mtu mzima aliyeingia mradini kwa sababu mimi ndiye niliyemshawishi, aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, si walisema miaka mitatu?"

Nilikosa jibu. Naandika kwa sababu ya swali lile.

Wanaopanga miradi hii ningependa siku moja washike donge la udongo uliochoka. Shamba nililirithi likiwa limelimwa zao moja miaka nenda rudi. Mwaka wa kwanza wa mradi jembe lilikuwa likigonga na kuruka. Mvua ikinyesha, maji yanateleza juu juu na kuondoka na kile kidogo kilichobaki. Nikachimba matuta ya kinga maji, nikarundika samadi na majani, nikapanda mikunde katikati ya nafaka, mabua nikayaacha yaoze shambani badala ya kuyachoma. Mavuno yakapungua karibu theluthi. Nilishaambiwa yatapungua, lakini kuambiwa si sawa na kusimama mbele ya ghala lako mwenyewe. Fidia ya mradi ndiyo iliyotuvusha mwaka ule.

Msimu huu, wiki chache baada ya mvua za kwanza, niliingiza mkono chini ya matandazo. Udongo ukameguka vidoleni, mweusi, wa baridi, na katika konzi moja nikahesabu nyungunyungu wanne. Nikang'oa mche mmoja wa mikunde. Mizizi ilikuwa imejaa vinundu. Nikapasua kimoja kwa ukucha, ndani kilikuwa na rangi ya waridi, na hiyo ndiyo dalili kwamba kinafanya kazi, kinavuta naitrojeni ya hewani na kumpa mmea. Nilikaa pale chini muda mrefu. Halafu ikaja fomu.

Kwamba kazi hii inataka miaka, serikali zinajua. Zimeandika zenyewe. Ili zao liitwe la kilimo hai, yaani limelimwa bila kemikali za viwandani, kanuni za Ulaya kwa kawaida zinataka shamba lipite miaka miwili ya mpito kwa mazao ya msimu, na mitatu kwa mengi ya mazao ya kudumu. Marekani ni miezi 36 bila kemikali zilizokatazwa. Kwa hiyo mkulima anapodaiwa, muda wa udongo unatambuliwa hadi mwezi wa mwisho. Inapofika zamu ya kumlipa mkulima huyohuyo, muda unaotambuliwa ni mwaka wa fedha, au umri wa mradi, au mpaka waziri mpya aingie ofisini. Hapo ndipo ninapokasirika.

Msinijibu kwamba fedha hakuna. Mwaka 2021 mashirika matatu ya Umoja wa Mataifa, FAO la chakula na kilimo, UNDP la maendeleo na UNEP la mazingira, yalitoa ripoti ya pamoja iliyosema kwamba msaada wa serikali kwa wazalishaji wa kilimo duniani ni karibu dola bilioni 540 kwa mwaka, na kwamba asilimia 87 ya fedha hizo ama inavuruga bei ama inaharibu mazingira na afya za watu. Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani nimeikosea namba. Fedha zipo. Zinakwenda kwingine, na zinakwenda kila mwaka bila mtu kupelekewa fomu ya kufunga.

Tuliona pia ahadi zinavyotolewa. Maputo, 2003, viongozi wa Afrika walikubaliana kutenga angalau asilimia 10 ya bajeti zao kwa kilimo. Malabo, 2014, wakairudia ahadi ileile. Nchi chache ndizo zilizoifikia na kudumu nayo. Januari 2025 wakakutana tena Kampala wakapitisha mpango mwingine wa miaka kumi. Ahadi ya mkutano haimfungi mtu yeyote anayegawa kasma za bajeti.

Wapo watakaonitajia Sri Lanka, na wana haki ya kuitaja. Mwaka 2021 Rais Gotabaya Rajapaksa alipiga marufuku kuingiza mbolea za viwandani, na mkulima aliyezoea mbolea hiyo akaamka asubuhi hana. Mavuno ya mpunga yakaanguka, bei zikapanda, na kabla mwaka haujaisha serikali ikalegeza amri yake. Watu waliumia. Sitaki mtu asimame mbele ya wakulima wale awaambie kilimo endelevu ni kitu chepesi. Lakini itafuteni Sikkim kwenye ramani, jimbo dogo la India milimani. Wao walianza safari hiyo 2003, wakapunguza ruzuku ya kemikali hatua kwa hatua, wakakagua mashamba eneo kwa eneo, na ilipofika Januari 2016 ndipo jimbo zima likatangazwa kuwa la kilimo hai. Huku miaka 13, kule miezi michache. Ukubwa wa kazi ni tofauti, nakubali, jimbo si nchi. Hata hivyo anayetumia Sri Lanka kuthibitisha kwamba udongo hauwezi kulimwa bila kemikali anaruka jambo kubwa kuliko yote katika habari ile, yaani haraka.

Sasa niseme kitu ninachotaka kibaki kwenye vichwa vya wabunge popote walipo. Brazil.

Brazil ilipitisha mwaka 2009 sheria ya chakula cha shuleni, namba 11.947. Kifungu cha 14 kilisema kwamba katika fedha ambazo serikali kuu inapeleka kwa ajili ya milo ya wanafunzi, angalau asilimia 30 lazima itumike kununua chakula moja kwa moja kutoka kwa wakulima wadogo wa kifamilia. Somo si kwamba mkulima amepewa zawadi. Mkulima amepewa mnunuzi, mnunuzi anayekula kila siku ya shule, kwa sheria. Watoto wanaokula kwa mpango huo ni kama milioni 40. Manunuzi hayo yanaweza kufanyika bila mlolongo wa zabuni ambao mkulima wa eka mbili hawezi kuushinda hata akiwa na mazao bora kuliko wote. Na kwa mazao yaliyolimwa bila kemikali, bei inaweza kuongezwa hadi asilimia 30. Kwa hiyo yule anayepita miaka ya mpito ana sababu ya kuvumilia, anajua kuna mlango unaomsubiri.

Tazameni kilichotokea baadaye, maana ndicho kilichonifanya niamini. Januari 2019 serikali mpya ya Brazil ilianza kazi kwa kulivunja baraza la taifa la usalama wa chakula, lile ambalo wananchi walikaa ndani yake kuishauri serikali. Mpango mwingine mzuri, wa serikali kununua chakula kwa wakulima wadogo na kuwapelekea wenye njaa, ulikuwa umeanza 2003. Ukakatwa fedha mpaka ukabaki mifupa, kisha ukabadilishwa jina. Lakini kifungu cha 14 hakikuguswa. Kilikuwa sheria, chenye asilimia yake ndani, na kukifuta kulihitaji bunge lisimame hadharani liseme watoto wasile chakula cha wakulima wadogo. Baraza lilirudishwa 2023. Na mwaka 2025 sheria ikarekebishwa, asilimia 30 ikapandishwa kuwa 45 kuanzia 2026. Mpango ulitikisika kila uongozi ulipobadilika. Sheria yenye namba ndani yake ilisimama.

Sisemi Brazil wamemaliza. Zipo halmashauri ambazo hazifikishi hiyo asilimia, na nchi hiyohiyo ina mashamba makubwa yanayomwaga viuatilifu kwa wingi wa kutisha. Sheria haimgeuzi mtu kuwa mwema. Lakini mkulima wa kule akinyimwa, anacho kifungu cha kushika mkononi. Mimi nina fomu.

Ukitaka kuona upande wa pili, tazama Marekani, nchi tajiri ambayo haiwezi kusingizia umaskini. Huko nako shule na benki za chakula zilipewa fedha za kununua vyakula vya wakulima wa karibu. Watu wakapanda wakitegemea mnunuzi huyo. Machi 2025 wizara ya kilimo ikafuta awamu iliyofuata ya mipango hiyo miwili, jumla yake takriban dola bilioni moja. Fedha zile zilitokana na uamuzi wa wizara, hazikuwa haki ya kudumu ndani ya sheria kuu ya kilimo. Zilivyokuja ndivyo zilivyoondoka. Sheria kuu yenyewe, ya mwaka 2018, muda wake ulikwisha 2023 ikawa inaongezewa muda vipande vipande. Mwezi huohuo wa Machi, Uingereza ikafunga ghafla, ndani ya siku moja, maombi mapya ya mpango unaowalipa wakulima kutunza udongo na wadudu wenye faida, kwa maelezo kwamba bajeti imejaa. Waliokuwa wamekaa wiki nzima wakijaza maombi wakakuta mlango umefungwa.

Nakiri jambo moja kwa shingo upande. Ruzuku ya mbolea ya viwandani imewavusha watu wengi msimu wa njaa, na sitamsogelea mama mwenye watoto watano kumwambia aikatae. Jirani yangu ni mmoja wao. Yeye alikubali kuacha nusu ya shamba lake bila mbolea hiyo kwa sababu aliahidiwa miaka mitatu. Sasa nusu hiyo iko katikati ya mto. Akirudi kwenye mbolea msimu ujao, kazi aliyoifanya itapotea. Akiendelea, atabeba peke yake pengo ambalo lilipaswa kubebwa na wote watakaokunywa maji safi zaidi na kula chakula safi zaidi kwa sababu yake.

Ninachokidai ni kidogo na kinaandikika. Muda wa malipo uwe sawa na muda wa mpito, na uandikwe ndani ya sheria yenyewe, si kwenye mwongozo wa mradi. Asilimia ya chakula cha shule, hospitali na magereza inunuliwe kwa wakulima wadogo, nayo iandikwe kwa namba. Anayetaka kuufunga mpango kabla ya muda aje kuomba ruhusa bungeni, wakulima wakiwa wamekaa wanamsikiliza. Maafisa ugani nao wapewe ajira za kudumu, maana huwezi kumwambia mtu apande mti wakati wewe mwenyewe hujui mwezi ujao utakuwa wapi.

Kwenye ukurasa wa nne wa fomu kuna sehemu inaitwa changamoto, wameacha mistari miwili. Nilianza na vile vinundu vya rangi ya waridi kwenye mizizi, nikaendelea na lile swali la jirani yangu kama alivyolisema. Mistari ikaisha. Nikageuza karatasi nikaendelea nyuma. Kijana alisubiri, hakuniharakisha, na nilipomaliza alichukua kalamu yangu akaandika yake mistari mitatu chini ya maneno yangu. Mahali pa sahihi tuliacha wazi. Jumamosi ninaipeleka ofisini mwenyewe, pamoja na jirani yangu.