Wahitimu Waisome Rasimu Kabla ya Kuombwa Mchango

Msimu wa mahafali unapofika Moshi na Arusha, hotuba za wakuu wa vyuo hufuata njia ileile: baada ya kuwapongeza waliovaa majoho, msemaji huwageukia wahitimu wa miaka iliyopita, huwaita mabalozi wa chuo, na muda si mrefu huwaomba wachangie bweni, basi au maktaba. Sina ugomvi na michango. Ninachopinga ni mazoea ya kumkumbuka mhitimu wakati wa kuchanga tu, ilhali mpango wa miaka mitano wa chuo umeandikwa, umejadiliwa na kupitishwa bila yeye kuona hata ukurasa mmoja. Mkuu wa chuo anayetaka wahitimu washiriki kweli katika ukuaji wa taasisi yake aanze kwa kuwapelekea rasimu, kisha awasomee hesabu, na suala la mchango lije baada ya hayo.

Jambo hili lingepaswa kueleweka Moshi kuliko mji mwingine wowote nchini. Hapa ndipo wakulima wa kahawa walipounda chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933, na hapa ndipo Chuo cha Ushirika kilipoanzishwa mwaka 1963, kikawa chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) mwaka 2004, na hatimaye Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi mwaka 2014. Vizazi vya maofisa ushirika vimefundishwa katika mji huu kwamba kila mwanachama ana kura moja hata kama hisa zake ni nyingi kuliko za jirani yake, na kwamba bodi haijipangii yenyewe ukomo wa madeni ya chama bali huuomba kwa mkutano mkuu. Najua chuo si AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima cha kuuza mazao. Baraza la Chuo lina mamlaka yake kisheria, na shahada haimpi mtu hisa. Hata hivyo, ile adabu ya kuwasomea watu hesabu kabla ya kuwaomba fedha haihitaji sheria ili ifuatwe.

Tukumbuke pia hali ya mfuko wa mhitimu mwenyewe. Aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo na kupata ajira hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi, na wengi wao ndio wanaowasomesha wadogo zao. Mtu huyo anapoambiwa arudishe shukrani kwa chuo, huona kwamba tayari anairudisha, na mimi siwezi kumlaumu. Isitoshe, majengo mengi makubwa yanayoinuka sasa katika vyuo vya umma hayatokani na mifuko ya wahitimu. Yanatokana na mradi wa HEET, yaani Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, ulioanza mwaka 2021 kwa mkopo wa dola za Marekani milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, na ambao umevifikia Chuo Kikuu cha Ushirika na Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Arusha. Mradi unaweza kujenga ukumbi wa mihadhara. Hauwezi kumwambia mhadhiri ni kitu gani kilichobadilika kazini tangu alipoandika maelezo ya somo lake, na hapo ndipo mhitimu anapohitajika kuliko mfadhili.

Nitoe mfano niliouona kwa macho yangu katika ofisi ya AMCOS moja huko Kibosho. Kijana aliyekuwa kwenye mafunzo kwa vitendo alikuwa amekaa mezani mbele ya daftari la wanachama, na bibi mmoja alisimama mbele yake akiwa na stakabadhi mbili zilizokunjwa ndani ya kitambaa, moja ya malipo ya awali na nyingine ya malipo ya pili, yale yanayofuata kahawa ikishauzwa. “Mwanangu,” alimwambia, “nieleze hii iliyokatwa imekwenda wapi.” Kijana aliyajua madaraja ya kahawa, na mnada alikuwa ameusoma darasani, lakini alishindwa kumwonyesha bibi yule, kwa mstari wa stakabadhi yake mwenyewe, fedha ya kukoboa, ya usafiri na ya magunia, wala kumweleza kwa nini kahawa ya daraja la chini imemletea malipo ya pili madogo kuliko ya shemeji yake. Meneja, ambaye ni mhitimu wa miaka mingi, alivuta kiti, akachukua kalamu na kumweleza bibi kwa lugha ya nyumbani hadi akaridhika. Meneja yule anajua ni somo gani linalopungua katika mtaala. Chuo alichosoma hakijawahi kumuuliza. Meneja huwapokea wanafunzi, huwajazia fomu, na fomu hizo hurudi chuoni zikiwa na alama bila maoni yoyote ya maana, kwa sababu hazina mahali pa kuyaandika.

Mtu kama huyo angefaa kuketi katika kamati za ushauri ambazo mradi wa HEET umevitaka vyuo viziunde pamoja na waajiri. Mara nyingi tunapowatafuta wajumbe wa kamati za namna hiyo tunawaza wakurugenzi wa Dar es Salaam na Dodoma, ambao ratiba zao haziwaruhusu kuhudhuria. Chuo cha usimamizi wa wanyamapori cha Mweka, ambacho nacho kilianzishwa mwaka 1963, kina wahitimu katika hifadhi za nchi nyingi za Afrika, na Chuo cha Ufundi Arusha kina kituo cha mafunzo ya nishati jadidifu huko Kikuletwa, wilayani Hai. Askari wa hifadhi na fundi wa mtambo wa umeme wa maji wana taarifa ambazo mkurugenzi hazioni kutoka ofisini kwake.

Kuna wanaosema wahitimu wetu hawana moyo wa kutoa. Anayesema hivyo hajaingia katika makundi yao ya WhatsApp. Akifiwa mmoja wao asubuhi, mweka hazina huanzisha orodha, kila jina na kiasi chake, na jioni hutuma jumla pamoja na picha ya muamala wa kumkabidhi mfiwa. Watu hutoa kwa sababu wanaona fedha ilipoingia na ilipotoka. Chuo kilichowahi kuchangisha fedha za jengo kikanyamaza miaka miwili kisijenge wala kutoa maelezo hakina haki ya kuwashangaa wahitimu wanaokaa kimya safari ya pili.

Kazi hii ya kuwashirikisha wahitimu haiwezi kuachiwa ofisi ya uhusiano peke yake. Mhitimu anataka kumsikia aliye na mamlaka ya kubadilisha jambo, yaani Makamu Mkuu wa Chuo au Mkuu wa Chuo mwenyewe, na ikiwezekana amsikie Rombo, Same au Karatu, mahali anapofanyia kazi, badala ya kualikwa katika hoteli ya mjini siku moja kabla ya mahafali.

Wakati wenyewe ni huu. Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 ilizinduliwa Julai 2025, na taasisi za umma zinapaswa kuoanisha mipango yake nayo, kwa hiyo vyuo vyetu vitaandika upya malengo ya wanafunzi, programu na tafiti. Napendekeza kila mkuu wa chuo wa Moshi na Arusha aipeleke rasimu kwa wahitimu, kwa Kiswahili, angalau miezi mitatu kabla Baraza halijaipitisha, akiambatanisha hesabu za michango iliyopita. Na mpango utakapopitishwa, uwarudie ukiwa na kiambatisho kinachotaja mapendekezo yao yaliyokubaliwa, yaliyokataliwa, na sababu ya kila moja kukataliwa.