Ile h moja ilimkalisha mama yangu sakafuni

Alhamisi iliyopita, kabla hata ya saa mbili asubuhi, mtoto wa mama mdogo aliandika kwenye kundi la familia: "Daktari kasema bibi hatapona tumuombee." Bibi alikuwa na siku tatu amelazwa Muheza. Mama aliusoma ujumbe ule jikoni, simu ikamponyoka, akakaa chini pale pale sakafuni. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Nipe kanga zangu."

Kutoka Makorora mpaka Stendi ya Kange sikumbuki tulipita wapi. Tukiwa ndani ya basi mjomba akapiga kutoka Mombasa, keshakata tiketi. Shangazi wa Pangani naye anauliza maziko yatakuwa Muheza au mwili utaletwa Tanga. Maziko, ya mtu anayepumua! Tulipoingia wodini tukamkuta bibi kakaa kitandani, kikombe cha uji mkononi. Akatutazama mmoja mmoja. "Mbona mwalia? Kuna nini?"

Kijana alikuwa na maana ya "atapona".

Nilipomuuliza alinijibu kwa upole, maana ni mtoto mwenye adabu: "Dada, nisamehe. Lakini haya maandishi ya kwenye simu, si mtu anaelewa tu?"

Hapana, mdogo wangu. Hatukuelewa. Kundi zima lile, wazee kwa vijana, hakuna hata mmoja aliyeelewa. Na jibu lako hilo ndilo ninalokutana nalo kila siku mtu akirekebishwa mitandaoni: muhimu umeelewa, hapa hatupo darasani, usitujie na ualimu wako. Nimelisoma mara nyingi nikanyamaza. Leo sinyamazi.

Kwa Kiswahili, h ndiyo hapana yetu. Ukisema "hatutafika" au "hawatafika", ile ha- inasikika nzima mwanzoni mwa neno. Ukiiandika "atutafika", nitaudhika lakini nitakujua, kwa sababu Kiswahili hakina "atutafika" nyingine yenye maana tofauti. Balaa liko kwa yeye na kwa wewe. Hapo ha- inakutana na a- au u-, irabu moja inamezwa, na kinachobaki kubeba ukanushaji wote ni herufi moja tu. Atapona, hatapona. Atalipa, hatalipa. Utapata, hutapata. Ana, hana. Una, huna. Pande zote mbili ni maneno kamili, yote sahihi, yote yamo vinywani mwetu kila siku. Simu yenyewe haitakupigia mstari mwekundu. Msomaji hana pa kushika.

Mwaka jana mwenye duka mmoja wa Ngamiani aliniandikia "Una deni" siku mbili baada ya kumlipa. Nilikwenda na karatasi yangu mkononi, nimekasirika, nikamsemea maneno mbele ya wateja. Kumbe alitaka kunishukuru kwamba sina deni tena. Niliona aibu, nikamwomba radhi, na bado hatujarudia kuongea kama zamani.

Ubaya zaidi ni kwamba anayeacha h leo, kesho anaiongeza. Anajua kuna mahali huwa anaikosa, basi anairudisha kwa kubahatisha: hasante, hasubuhi, hamani. Ndivyo ilivyokuwa kwa kijana wetu. Kwa hiyo hata nikikuzoea kwamba wewe ni mtu wa kuiacha h, siwezi kukusoma kwa mazoea hayo.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wapo ambao lugha ya nyumbani kwao haina sauti hiyo, na wengine wamekulia kwa watu wasioitamka. Simcheki mtu kwa lafudhi yake. Mtu akiniambia kwa mdomo "bibi ana nguvu", namwona uso, nasikia sauti imeshuka, namuuliza tena. Maandishi hayana uso. Ndiyo maana yanadai uangalifu ambao mazungumzo hayaudai.

Na wengi wetu hapa Tanga uangalifu huo tunao. Chuoni, tukisoma Kurani, tulirudishwa aya nzima kwa sababu ya h moja. Mwalimu alikuwa anatufundisha kwamba h ya kooni si ile h nyepesi, na ukiibadilisha umebadilisha neno. Tulikuwa watoto wa miaka sita, na tuliweza. Mji huu ulikuwa na gazeti la Kiswahili, Kiongozi, lililoanza mwaka 1904, enzi ambazo herufi za chapa zilipangwa kwa mkono, kipande kimoja kimoja. Aliyetaka kukanusha ilibidi h aiokote kwa vidole vyake. Wewe unaigusa tu kwa kidole gumba.

Mengine yananiudhi pia. "Nime fika" na "ana kuja", neno limekatwa kiuno. "Xaxa" na "xana". "Tukapige kula", wakati wa uchaguzi. Matangazo ya "thamani za ndani" kwa mtu anayeuza samani. Alama ya mkato nayo imesahaulika kabisa: "Usimpe, baba" ni ombi kwa baba, "Usimpe baba" ni kumnyima baba. Lakini hayo nikiyakuta naweza kuvuta pumzi nikaendelea na kazi zangu.

Habari ya mgonjwa siwezi. Habari ya deni, ya safari, ya mtoto kama ana homa au hana, siwezi. Ukiandika mambo hayo, rudi mwanzo wa neno uitazame ile herufi kabla hujatuma. Kama huna uhakika nayo, ikwepe: andika "bibi anaendelea vizuri", andika "nimepokea hela yote". Au piga simu.

Jioni ile kijana aliufuta ule ujumbe, akaandika mwingine: "Bibi anaendelea vizuri, kala uji wote." Mjomba akarudisha tiketi. Mama hajaandika neno kwenye kundi mpaka leo. Simu ikilia, ananipa mimi kwanza nimsomee.