Orodha Iliyofungiwa Kabatini

Microsoft iliposimamisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta ya baba mdogo ilibaki njia panda, kwa kuwa haina TPM 2.0, kile kifaa cha usalama ambacho Windows 11 hukidai. Yeye alikuwa mweka hazina wa kamati ya harusi ya binamu yangu, na kazi ilikuwa inamsubiri. Basi nikamchapia mwongozo wa watu wanaoanza kutumia Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, nikamwandalia na flashi yenye mfumo huo.

Baba mdogo aliusoma kama mkataba wa kiwanja, kalamu mkononi, akapigia mstari sentensi moja tu: kwamba mtu anaweza kuujaribu mfumo moja kwa moja kutoka kwenye flashi, na hakuna kitakachobadilika ndani ya kompyuta yake. Maelezo kwamba kazi inayohifadhiwa wakati wa majaribio hayo hukaa katika RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na hupotea mashine inapozimwa, yalikuwa ukurasa uliofuata kwa herufi ndogo. Kwa maoni yangu, mwandishi wa mwongozo ule alistahili kualikwa kwenye kikao tulichokaa baadaye.

Jioni nzima aliingiza majina, ahadi na malipo katika LibreOffice, programu ya kuandikia na kupiga hesabu, akihifadhi kila baada ya mistari michache. Alama ya kusakinisha iliyokuwa kwenye skrini aliidhania tangazo la biashara, akaipuuza. Kisha akazichana karatasi zote za zamani ili siri za watu zisivuje, akazima mashine. Nayo ilipomtaka achomoe flashi, aliichomoa, akaifunga kwenye leso na kuifungia kabatini pamoja na fedha, akiamini kwamba orodha imo humo.

Asubuhi Windows ilirudi vilevile, pamoja na picha ya wajukuu.

“Mwanangu,” aliniambia kwenye simu, “mwongozo wako hausemi uongo. Hakuna kilichobadilika. Sasa orodha iko wapi?”

Kamati ikaamua kwamba kila mjumbe ataje mwenyewe alicholipa. Kwa ushahidi huo, hakuna aliyekuwa na deni, na jumla ya michango ilipita bajeti ya harusi, ingawa fedha zilizokuwa kabatini hazikutosha hata kukodi ukumbi. Mjumbe mmoja, ambaye sikumbuki kumsikia akiahidi hata shilingi, alisimama akaomba arudishiwe chenji yake.