Homoni ya kupakata na lawama wanazobebeshwa akina mama

Jirani yangu hapa Kisauni, Mombasa, ana mwana wa miaka minne asiyemtazama mtu usoni. Mtoto huyu hupanga vifuniko vya soda kando ya ukuta, mstari mmoja kuanzia mlangoni hadi jikoni, na ukikigusa kimoja hulia mpaka sauti ikamkauka. Mwaka huu amepimwa, na mamake akaambiwa ni usonji. Jioni moja akanijia barazani na simu mkononi. Alikuwa na maswali mawili, na la kwanza aliliuliza kwa sauti ya chini kama mtu anayeungama: "Dadangu, yamkini ni ile dripu ya uchungu waliyonitia?" La pili lilikuwa kwenye simu yenyewe. Lilikuwa tangazo la kichupa cha kupulizia puani, muuzaji akikiita homoni ya mapenzi, na akiahidi kwamba mtoto mwenye usonji ataanza kukumbatia watu baada ya wiki chache.

Maswali yote mawili yanahusu kitu kimoja, oksitosini. Ndiyo iliyomo ndani ya dripu ile, ambayo mama hutiwa ili uchungu wa kuzaa uanze au uongezeke, na ndiyo inayodaiwa kuwamo ndani ya kichupa. Naandika haya kwa sababu si yeye peke yake anayekosa usingizi, na kwa sababu nimeona majibu ya haraka yakiwaumiza wazazi, yale ya kutisha na yale ya kutia matumaini.

Oksitosini hutengenezwa kwenye ubongo, katika sehemu iitwayo haipothalamasi, kisha huingia kwenye damu kupitia tezi ya pituitari. Mwaka 1906 Mwingereza Henry Dale aligundua kuwa maji ya tezi hiyo hukaza mji wa mimba wa paka. Mwaka 1953 Vincent du Vigneaud akaiunda maabarani kule Marekani, na mwaka 1955 akapata Tuzo ya Nobel ya kemia. Kwa muda mrefu basi ilikuwa habari ya wakunga: hukaza mji wa mimba mtoto atoke, na mtoto akishika ziwa, ndiyo inayosukuma maziwa. Sifa ya mapenzi ilikuja baadaye, hasa kutoka kwa aina ya panya wa mbugani wa Marekani ambao dume na jike wakishapatana huishi pamoja, na watafiti wakaihusisha oksitosini na kushikamana huko.

Nianze na dripu, maana ndiyo iliyomlaza macho jirani yangu.

Hofu yake haikutoka hewani. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa jimbo la North Carolina uliochambua rekodi za vizazi zaidi ya 600,000, na ukaonyesha kwamba usonji ulijitokeza zaidi kidogo kwa watoto ambao mama zao walianzishiwa au kuongezewa uchungu, hasa wavulana. Habari ile ilizunguka dunia nzima. Iliyofuata haikuzunguka hivyo. Mwaka 2016 rekodi za Sweden za watoto zaidi ya 1,300,000 zilichambuliwa, na safari hii watafiti wakalinganisha ndugu wa tumbo moja, mmoja aliyezaliwa kwa kuanzishiwa uchungu na mwenzake aliyekuja mwenyewe. Tofauti ikatoweka. Ukifikiri, inaeleweka. Mama hatiwi dripu bure. Huwa presha imepanda, au ana sukari, au mimba imepitiliza siku zake, na mambo hayo yenyewe yanaweza kwenda pamoja na matatizo mengine ya mtoto. Ukilinganisha ndugu, mama ni yule yule na nasaba ni ile ile, kwa hiyo mengi ya mambo hayo hayawezi tena kuchanganywa na dripu. Tena utafiti mkubwa wa mwaka 2019 uliohusisha nchi tano na watoto takriban milioni mbili ulikadiria kuwa asilimia 80 hivi ya tofauti kati ya mtu na mtu kwenye usonji inatokana na jeni za kurithi.

Kwa hiyo nilimjibu jirani yangu kwamba, kwa ushahidi uliopo, dripu haikumfanya mwanawe awe alivyo. Lakini sikutaka kuishia hapo, kwa sababu katika swali lake kuna manung'uniko ya haki. Mimi mwenyewe nilizaa katika hospitali moja hapa mjini, nikatiwa dripu, na hakuna aliyenieleza ni ya nini wala kwa nini. Niliuliza, nikaambiwa nisukume. Mama aliyefanyiwa jambo mwilini mwake bila kuelezwa atabaki nalo moyoni miaka na miaka, na siku mtoto akichelewa kusema atalirudia. Muuguzi angetumia dakika mbili tu kueleza, na hofu hii isingepata pa kuota.

Na hofu ina gharama. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mama achomwe vitengo 10 vya oksitosini mara mtoto anapotoka, ili mji wa mimba ukaze na damu isimwagike. Kutokwa na damu baada ya kuzaa ni miongoni mwa visababishi vikuu vya vifo vya wazazi, na sindano hiyo huchomwa mtoto akiwa keshatoka. Mama akiikataa kwa kuogopa usonji, anajinyima kinga yake mwenyewe kwa jambo lisilomhusu mtoto hata kidogo.

Sasa kuna upande wa pili, na huu naupa uzito wake wote. Wanaosema oksitosini imo katika mapenzi ya mzazi na mtoto hawasemi uongo. Mwaka 2010 kikundi cha mtafiti Ruth Feldman, kule Israeli, kilipima wazazi wapya na kukuta kwamba baba, ambao hawakubeba mimba wala kunyonyesha, walikuwa na kiwango cha oksitosini kinachokaribiana na cha mama. Kwa mama ilipanda kwa wale waliokuwa wakimpapasa sana mtoto, na kwa baba ikapanda kwa wale wenye michezo ya kumchangamsha. Nikisoma hayo huwakumbuka akina baba wanaorusha watoto juu kwa juu kule Mama Ngina jioni za Jumapili, mama wakipiga kelele za hofu. Huenda kila mmoja ana njia yake.

Lakini utafiti ulionigusa zaidi ni wa jimbo la Wisconsin, Marekani, wa mwaka huo huo wa 2010. Wasichana wa miaka 7 hadi 12 walisimamishwa mbele ya watu wasiowajua, wakaambiwa wahutubie na kufanya hesabu. Wakatoka wakitetemeka. Baadhi yao wakakumbatiwa na mama zao, wengine wakapigiwa simu tu na mama, na kundi la tatu likatazama filamu bila mama. Waliokumbatiwa na waliosikia sauti kwenye simu, wote oksitosini iliwapanda na homoni ya mfadhaiko ikashuka. Miaka miwili baadaye wakajaribu mama na binti waandikiane kwenye kompyuta badala ya kusemezana. Oksitosini haikupanda, na mfadhaiko ulibaki kama wa wale ambao hawakuwasiliana na mama kabisa.

Mji huu una watoto wengi ambao mama zao wako Saudia, Qatar au Oman kwa kazi za nyumbani. Namjua mmoja wa Majengo, msichana wa miaka minane anayelelewa na nyanyake. Siku za kusoma mbele ya wenzake madrasani tumbo humsokota na hutapika chai. Usiku huiweka simu ya nyanya kati ya shavu na mto, akausikiliza ujumbe wa sauti wa mamake uleule mara tatu, mara nne, mpaka usingizi umchukue. Nyanya alikuwa akimkataza kwa kuogopa kumaliza chaji. Nilimsihi amwache. Wale wa Wisconsin hawakuwa wametengana na mama kwa miaka, na utafiti wao haukupima hilo, kwa hiyo sidai kwamba simu inaziba pengo la mama. Ila nawaambia akina mama walio Uarabuni: usimwandikie mtoto. Msemeze.

Kuhusu wasiwasi wenyewe, watafiti wa chuo kikuu cha Yale, Marekani, waliandika mwaka 2016 kwamba watoto wenye hofu kali ya kutengana na wazazi walikuwa na oksitosini ya chini kwenye mate kuliko watoto wengine wenye wasiwasi. Je, upungufu ndio uliozaa hofu, au hofu ndiyo iliyoishusha? Kipimo cha siku moja hakiwezi kutenganisha. Na hapo ndipo ninapoanza kuogopa namna habari hizi zinavyosomwa, kwa sababu njia ni fupi sana kutoka "mtoto ana oksitosini ndogo" hadi "mamake hakumpakata vya kutosha".

Lawama hiyo ilishapita mara moja. Kuanzia miaka ya 1940, baadhi ya madaktari wa Marekani walifundisha kwamba usonji unaletwa na mama baridi, mama kama friji. Mwandishi Bruno Bettelheim aliendelea kuyahubiri hayo hata mwaka 1967, ilhali Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa na mwana mwenye usonji, alikuwa ameshayapinga kwa hoja mwaka 1964. Wazazi wa kizazi kizima walibebeshwa hatia isiyo yao. Sisi hatukuhitaji vitabu vyao. Tunayo "mtoto umleavyo ndivyo akuavyo", na jirani yangu ametupiwa maneno hayo na mawifi zake zaidi ya mara moja. Huyu ni mama aliyekaa arobaini yake yote na mtoto kifuani, akanyonyesha miaka miwili, akafagia uwanja na mtoto mgongoni kwenye leso. Kama mapakato yangezuia usonji, mwanawe angekuwa wa kwanza kusalimika.

Tuje kwenye kichupa. Nacho hakikuanza kwa ulaghai. Mwaka 1998 ilionekana kuwa watoto wenye usonji walikuwa na oksitosini ya chini kwenye damu. Mwaka 2017, katika chuo kikuu cha Stanford, Marekani, watoto 32 walifanyiwa jaribio la wiki nne, na waliopuliziwa dawa halisi wakaonyesha nafuu ya kiasi katika kuchangamana na watu, hasa waliokuwa na kiwango cha chini tangu mwanzo. Mzazi aliyepata tumaini kwa kusoma hayo hakuwa mjinga.

Kisha likaja jaribio kubwa, lililochapishwa mwaka 2021: watoto na vijana 290 wenye usonji, wa miaka 3 hadi 17, wakipuliziwa kwa wiki 24, nusu dawa na nusu maji yasiyo na dawa. Mwishoni makundi hayakutofautiana. Lakini yote mawili yalipata nafuu kidogo, hata lile la maji matupu, na hilo ndilo jambo ambalo muuza kichupa hawezi kukuambia. Mtoto hukua, na mzazi aliyeanza kutumaini humtazama mwanawe kwa jicho jingine. Kwa hiyo mama atakayenunua ataona mabadiliko kweli, na atamshuhudia jirani kwa moyo safi, na jirani atanunua.

Hata wale panya wa mbugani wamewashangaza wanaowachunguza. Mwaka 2023 watafiti wa California waliwaondolea kwa jeni kipokezi cha oksitosini, yaani pale mwilini inaposhika ili ifanye kazi, na bado wakashikamana na wenzao, wakazaa na kunyonyesha. Mapenzi, inaonekana, hayana mlango mmoja. Pengine siku moja watapatikana watoto wachache ambao dawa hii inawafaa, wenye upungufu uliopimwa vizuri, chini ya daktari. Sitalikataa hilo likija. Kununua kwenye simu kitu kisichojulikana kilikotoka, dawa ambayo hata hospitalini huhifadhiwa kwenye friji, na kukipulizia kwenye pua ya mtoto wa miaka minne asiyeweza kusema inamuuma wapi, hilo nalikataa leo.

"Na nikimpa kidogo tu, nione?" jirani yangu aliniuliza. Nikamwambia pesa hizo ziwe nauli ya kumpeleka kwa mtaalamu wa usemi, na asimlazimishe kukumbatiana. Akanyamaza. Halafu akanionyesha kitu ambacho sikuwa nimekiona, ingawa naingia nyumba ile kila siku. Mtoto akimaliza mstari wa vifuniko, humjia mamake kwa nyuma, huku mama amekaa kwenye mbuzi akikuna nazi, akaketi chini na kuegemeza mgongo wake kwenye mgongo wa mama. Hamtazami, hasemi kitu. Na akishaegemea hivyo, mamake hainuki, hata chungu kikifurika jikoni.